Hatua Ishirini na Tano Kutoka Kichuguuni

Mgeni wa uwindaji anapotua kwenye kiwanja chetu cha vumbi, kabla hajaonyeshwa hema lake na kabla mpishi hajampa juisi ya ukwaju, huulizwa swali moja: bunduki iko wapi? Si kwamba watu wa kambi hatuna adabu. Bunduki hiyo imetoka Texas au Madrid, imebadilisha ndege mara mbili tatu, imerushwa na kudakwa na wapakiaji mizigo wasiojua kama ndani ya lile sanduku la aluminiamu mna silaha au zumari, na darubini iliyofungwa juu yake huenda imesogea kiasi cha unywele. Unywele huo, ukiufuata hadi ubavuni mwa nyati, unageuka shibiri nzima. Na nyati aliyepigwa shibiri nzima nyuma ya pale alipotakiwa kupigwa hamtafuti aliyefyatua. Anamtafuta aliye mbele, na aliye mbele siku zote ni msaka nyayo wetu, mzee wa Kikimbu mwenye wajukuu wanaomsubiri nyumbani.

Ndiyo maana jioni ya kwanza ni ya kuseti bunduki, na ndiyo maana kambi nzima huacha kazi ikaja kutazama. Mimi ni karani wa stoo katika kitalu kimoja cha pori la Rungwa. Naandika namba ya silaha na kuhesabu risasi, zilizoingia na zilizotumika, ili mimi na askari wa wanyamapori tusije tukatofautiana. Sheria inataka mgeni aandamane na mwindaji bingwa na askari huyo. Haisemi lolote kuhusu fundi gari, mchunaji, dobi, mpishi na vijana wake, lakini wote huwapo, wengine na vigoda. Majirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Wao wana mbio za marathoni. Sisi tulifunga mwaka 1973, tukafungua tena 1978, na burudani yetu ni hii.

Uwanja wenyewe si wa kujivunia. Kuna kichuguu kirefu kuliko mtu, kinene vya kutosha kumeza risasi. Mbele yake limeegemezwa boksi la katoni, na katikati ya boksi pamepakwa duara la masizi ya sufuria. Kutoka boksi hadi meza ya mgeni ni hatua ishirini na tano. Juu ya meza kuna viroba viwili vya mchanga vya kulazia bunduki. Boksi linatoka jikoni, jambo ambalo mpishi hajawahi kulikubali, na tutalifikia.

Hatua hizo ishirini na tano humuudhi karibu kila mgeni. Mtu amelipa fedha za kununua nyumba Dodoma, amekuja kwa safari ya siku 21, halafu anaambiwa apige boksi ambalo angeweza kulitemea mate. “Nyumbani napiga mita mia tatu,” husema. Mwindaji bingwa wetu, mtu wa maneno machache, hajibu. Huchomoa bolti ya bunduki, huiweka mezani, kisha humwambia mgeni achungulie kupitia mtutu mtupu. Mgeni huchungulia. Duara la masizi analiona limekaa katikati ya tundu, vizuri kabisa. Sasa, bila kuitikisa bunduki, achungulie kwenye darubini. Darubini inatazama kichuguu cha pili. Hapo mgeni hukaa kwenye kiti, na juisi ya ukwaju huletwa.

Jicho na mtutu, unajua, havipiti njia moja. Darubini imekaa karibu sentimita 4 juu ya mtutu, kwa hiyo risasi huanza safari ikiwa chini ya mstari wa macho. Mtutu nao umeinuliwa kidogo, kama mtoto anavyolenga jiwe juu kidogo ya embe analolitaka. Risasi hupanda, ikaukuta mstari wa macho mara ya kwanza kwenye mita 25 hivi, ikaupita, kisha uzito ukaivuta ishuke iukute tena mbele. Kwa bunduki ya .375 iliyobuniwa na Holland & Holland mwaka 1912, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa kwetu kwa nyati, ukilenga sawasawa kwenye mita 25 utakuwa juu kwa sentimita 4 au 5 kwenye mita 100, na utarudi mstarini kama mita 150. Nyati wengi kwetu hupigwa chini ya mita 100. Kwa hiyo zile hatua ishirini na tano si dharau. Ni hesabu, na mgeni angeijua kama angesoma kijitabu kilichokuja na darubini badala ya kusoma habari za Bell wa Karamoja.

Huyo Bell hatumwepuki. Alikuwa Mskoti, aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki nyembamba ya milimita 7, na kila mgeni anayekosa boksi humtaja. Mzee wetu wa nyayo, alipotafsiriwa habari hizo, aliuliza tu kama Bell naye alikosa boksi.

Msimu mmoja uliopita tulimpata mgeni mnene, mcheshi, aliyetupa sote mikono hadi dobi. Alikaa mezani, akavuta pumzi, akafyatua. Boksi halikutikisika. Kichuguu ndicho kilichotikisika, na kutoka upande wake wa nyuma akachomoka ngiri dume, mkia juu wima, akapita kati ya boksi na meza, akapita kati ya meza na vigoda, akaelekea jikoni. Waliokuwa na vigoda waligundua kwamba kigoda hakina faida ngiri anapokuja. Mgeni alibaki ameshika bunduki, akauliza kwa upole kama huyo amehesabiwa kwenye leseni yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kuseti bunduki, kijana mmoja hutumwa kukizunguka kichuguu na kukigonga kwa fimbo. Mara moja walitoka nguchiro, familia nzima, wakasimama kwa miguu ya nyuma kututazama, wakiwa na utulivu kuliko sisi.

Ngiri hata hivyo ni msiba mdogo. Msiba mkubwa umo kwenye vile vitufe viwili vya darubini. Ukikizungusha kitufe, hulia “tik”, na kila tik inasogeza shabaha karibu milimita 7 kwenye mita 100. Kwenye mita 25 tik hiyohiyo haifikishi milimita 2. Sasa mgeni amepiga sentimita 5 kushoto ya duara. Anapiga hesabu aliyoizoea nyumbani, anazungusha tik saba, anafyatua: tundu jipya limekaa pua kwa pua na la zamani. Anazungusha saba nyingine. Hakuna kitu. Kumbe zinatakiwa kama ishirini na nane. Mgeni haamini darubini ya bei ile inaweza kuhitaji tik ishirini na nane. Anaanza kuishuku. Anazungusha upande wa pili kuona kama mshale umechorwa kinyume, anasahau alikuwa amefika wapi, na kufikia saa kumi na mbili anazungusha vitufe vyote viwili kwa pamoja huku fundi gari akimshauri kwa Kiswahili. Risasi yake ya mwisho jioni ile ilikata kijiti kilicholishikilia boksi, boksi likalala kifudifudi, na mkewe akapiga makofi kwa moyo mweupe kabisa, akidhani ndiyo ilivyokusudiwa.

Bado hatujaligusa teke. Bunduki ya .375 humrudia mpigaji kwa nguvu karibu mara mbili ya ile .30-06 ambayo wengi wao huwindia paa wa kwao, na darubini hurudi pamoja nayo. Jicho linatakiwa likae karibu sentimita 9 nyuma ya kioo. Mtu anayetaka sana kuona hujisogeza, hujisogeza, hadi nyusi ziguse mpira. Kuna mmoja alifanya hivyo mbele yetu mwishoni mwa mwezi wa Shaabani. Bunduki ililia, yeye akasema neno la kwao, na alipoinua uso alikuwa na mchirizi mwembamba mwekundu juu ya jicho la kulia, umepinda vizuri kabisa. Mchunaji wetu, mtu wa Kondoa na swala tano, aliuangalia kwa makini, akageukia wenzake: “Jamani, mwezi umeandama.” Mgeni alipewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Alikaa nasi wiki tatu akiitwa Bwana Mwezi, na alifurahia jina lile hadi alipotafsiriwa.

Na mbung'o, je? Mbung'o wa Rungwa hapendi haraka. Anapenda rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na ndiyo maana barua ya maelekezo humwomba mgeni asije na shati la bluu. Wanakuja nalo. Mbung'o husubiri mtu avute pumzi, aitoe nusu, aanze kubana triga polepole kama alivyofundishwa, mwili mzima umetulia. Hapo ndipo anapoingiza mdomo, kupitia shati, katikati ya mgongo. Nimeandika kwenye daftari la risasi, safu ya maelezo: “Moja, juu, mbung'o.” Askari alisaini.

Wengine hawahitaji mbung'o. Baada ya mateke matatu bega limekwisha jifunza, na kabla triga haijafika mwisho mtu hufumba macho na kuisukuma bunduki mbele. Mwenyewe hajui. Ukimwambia, anakataa. Mwindaji bingwa ana dawa yake: huomba kumjazia mgeni bunduki, kwa heshima zote, na safari hii huingiza ganda lililokwisha tumika. Mgeni analenga, anabana, bunduki inasema “tak” tu. Lakini mtutu umechota mchanga mbele ya meza, macho yamefungwa, meno yako nje. Watu zaidi ya kumi wanaangalia miti. Nimehudhuria misiba yenye kelele kuliko dakika ile. Mzee wa nyayo peke yake ndiye humwangalia mgeni bila kukwepa, kwa kuwa ndiye atakayekuwa mbele.

Nilimwuliza siku moja anawaonaje watu hawa na vitufe vyao. Alikulia kwenye gobole la baba yake, la kushindilia baruti na vipande vya chuma. “Shikamoo” yangu aliiitikia kwanza, kisha akasema gobole nalo huwa linasetiwa: ukikosa, unasogea. Ukikosa tena, unasogea tena. Ukikosa mara ya tatu, mnyama mwenyewe atasogea. Kwa maoni yake hatua ishirini na tano ni mbali.

Hata wanaofaulu hupata tabu. Mtu akishatia matundu matatu yanayogusana pale kwenye masizi, husimama, hutazama huku na huku akitafuta kamera, huulizia bia. Mwindaji bingwa humrudisha. Matundu yaliyoachana sentimita 3 kwenye boksi la karibu yataachana 12 kwenye mita 100, kwa hiyo boksi husogezwa mbali. Halafu viroba vya mchanga huondolewa, maana hakuna nyati anayesubiri mtu atandike meza. Mgeni hupewa miti mitatu iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, asimame, alaze bunduki pale juu, apige. Mtu aliyekuwa jiwe mezani sasa anayumba. Mtutu unaandika herufi hewani. Na kwetu mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa na hulipiwa vilevile, jambo ambalo hunifanya mimi, mwenye daftari, kuangalia herufi zile kwa huzuni ya kikazi.

Tuje kwa mpishi. Maboksi ya kambini si takataka. Itigi ni mbali, na boksi zuri hubeba vitunguu, hubeba trei za mayai kwenda kambi ndogo, hulaliwa na kuku, na likizeeka huwashia moto. Mgeni mmoja asiyejua tik zake humaliza maboksi manne jioni moja. Mpishi alilalamika kwa mwindaji bingwa, akalalamika kwangu, akahamishia maboksi chini ya kitanda chake. Yakafuatwa. Mwishoni alichukua rangi nyekundu iliyobaki ya kupakia vibao vya barabara, na kila boksi lililoingia jikoni akaliandika upande mzima kwa herufi kubwa: SI SHABAHA.

Wiki ile tulimpokea Mhispania mmoja aliyekuwa ametabika na masizi, maana jua la jioni likipiga kwenye katoni ya kahawia duara jeusi halionekani vizuri. Vijana, kwa haraka, wakamwekea boksi la mpishi. Alichungulia kwenye darubini, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege, akalenga kile kitundu cha juu cha herufi B, akatia risasi tatu ndani yake bila kugusa rangi. Kisha akauliza ni nani aliyebuni shabaha nzuri namna ile, na kama anaweza kuuziwa sita za kwenda nazo Madrid.

Mpishi alitaja bei bila kufikiri.