Jinsi ya Kununua Gari Lisilo na Kitu

Kabla ya kuliuliza gari maswali, jiulize wewe. Lotus Exige iliyotunzwa inauzwa kwa fedha ambazo zingekupatia gari la familia lenye viti vya ngozi na buti la kubeba mbuzi wawili. Yenyewe ina viti viwili tu, na buti lake linameza begi moja laini la nguo. Ukijikuta unamwuliza muuzaji spika ziko ngapi, mshukuru kwa muda wake, mpe mkono, nenda zako. Hakuna aibu. Gari hili limejengwa kwa kuondoa vitu, na anayelipia vitu ataona amedhulumiwa.

Aliyeanzisha mambo haya ni Colin Chapman, Mwingereza aliyeamini kwamba nguvu za injini humsaidia dereva kwenye barabara iliyonyooka tu, ilhali wepesi humsaidia kila mahali: kwenye kona, kwenye breki, kwenye mafuta na kwenye matairi. Kampuni yake, Lotus, ilihamia Hethel, Norfolk, mwaka 1966, kwenye uwanja wa ndege uliobaki kutoka vita vya pili vya dunia. Huko, miaka kadhaa baada ya Chapman kufariki, ndiko lilikozaliwa gari la Elise la 1996. Fremu yake ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi badala ya kuchomelewa, na ina uzito wa takriban kilo 68, mzigo ambao mafundi wawili wanaunyanyua bila kuita wa tatu. Exige ni ndugu yake Elise mwenye paa na bawa la nyuma, aliyekusudiwa viwanja vya mbio.

Exige iliyotoka 2004 inatumia injini ya Toyota. Ndiyo, Toyota: 2ZZ-GE, lita 1.8, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha. Aliyewahi kuendesha Toyota Runx ya Z Aerotourer Nairobi au Dar es Salaam anaifahamu. Inatulia, inatulia, kisha ikipita mizunguko 6,200 hivi kwa dakika kamshafti inabadilisha mpangilio na sauti inageuka ghafla kuwa ya gari jingine. Runx inabeba injini hiyo na mwili wa zaidi ya tani moja; Exige hiyo ya 2004 ina kilo 875. Nguvu ni takriban farasi 190 kwa zote mbili. Kaa kwenye Exige, kanyaga mafuta, na utamwelewa Chapman bila kusomewa.

Lakini kwanza uweze kukaa. Kizingiti cha mlango ni kipana na kirefu kwa sababu fremu imepita hapo. Magari ya Uingereza yana usukani kulia kama ya kwetu, kwa hiyo tanguliza mguu wa kushoto, inama, shusha kiuno mpaka kiti kikupokee, kisha uvute mguu wa kulia. Fanya hivyo mbele ya muuzaji bila haya. Akikuelekeza kwa subira, pengine na kukushika mkono, huyo amelipenda gari lake na amewafundisha wengi kabla yako.

Muuzaji wa namna hiyo ndiye wa kutafuta. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Exige nzuri haihitaji kupigwa rangi wiki ya kuuzwa. Mimi humwamini zaidi mwenye gari lenye pua iliyodonolewa na vijiwe vya kiwanjani, lenye padi zilizolika na faili nene la risiti, kuliko mwenye gari lililofunikwa shuka miaka sita. Gari lisilotembea hukauka mipira, na matairi yake huzeeka yakiwa na meno kamili. Omba risiti zote, moja baada ya nyingine. Nchini Uingereza historia ya ukaguzi wa kila mwaka iko wazi kwa yeyote mwenye namba ya usajili, pamoja na maili zilizosomwa siku hiyo. Zilinganishe na faili.

Kisha lihoji gari lenyewe. Kompyuta ya injini huhifadhi saa ilizofanya kazi, mizunguko ya juu kabisa iliyowahi kufika, hata mara ngapi gari limeondolewa kwa kishindo kutoka kusimama. Fundi wa Lotus mwenye kifaa anaisoma kwa dakika chache. Kompyuta hukata mafuta kwenye 8,500 hivi, kwa hiyo ukikuta 9,500 ujue kuna dereva aliyetaka gia ya nne akaangukia ya pili. Hapo magurudumu ndiyo yaliyoizungusha injini, na hakuna kompyuta inayoweza kuzuia hilo.

Sasa vua koti, lala chini. Mkaguzi asiyechafuka hajakagua. Gari likiwa juu ya jeki, shika gurudumu la nyuma kushoto na kulia kwa mikono miwili, ulitikise kwa nguvu. Ukisikia kugonga, hata kidogo, shaka yako iende kwenye kiungo cha nyuma kinacholishikilia gurudumu lielekee mbele. Bolijointi yake ya ndani haikuundwa kuvumilia matairi ya mbio, na ikikatika katikati ya kona gurudumu linachagua njia yake lenyewe. Wanaojali hufunga seti imara zaidi. Uliza imefungwa lini, na risiti iko wapi. Pitisha kidole kwenye mipira ya oili iendayo mbele kwenye vipozeo, hasa inapoungana na vyuma. Kagua rejeta puani, mahali alumini inapokutana na plastiki. Uliza kama sampu imewekewa vizuizi, maana kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa. Na kama mwenye gari anakubali, kava la juu la injini lifunguliwe uone nundu za kamshafti: ziwe laini, zisiwe na mikwaruzo.

Bodi ni faibaglasi, na pua yote ni kipande kimoja, kwa hiyo kugongwa kidogo maegeshoni kunaweza kuleta bili kubwa. Nyufa nyembamba kama unywele hazikatishi biashara. Fremu iliyopinda inakatisha. Alumini ya gundi hainyooshwi. Hata fundi bingwa wa gereji za Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, hapigi nyundo hapa. Ikipinda, inabadilishwa nzima.

Kwenye bei, usimwombe muuzaji punguzo kwa sababu usukani hauna msaada wa pampu. Hilo ndilo unalolipia, maana mikono yako itaisoma lami yote. Omba punguzo kwa matairi, bushi, diski na mipira, ukitaja kila kimoja kwa bei yake.

Mkikubaliana, dai ufunguo wa pili na ekzosi ya awali kama imebadilishwa, kwa sababu viwanja vingi vya Uingereza hupima kelele kabla ya kukuruhusu kuingia. Bima ya kawaida kwa kawaida haifuati gari kiwanjani. Kata bima ya siku ya kiwanjani. Badilisha oili na maji ya breki hata kama umeambiwa ni mapya. Halafu muulize muuzaji anakwenda uwanja wa mbio wa Snetterton lini tena, na kama atakaa kiti cha abiria mizunguko michache akuonyeshe pa kuanza breki.