Maasumu Mwenye Wino Mfukoni

Nilipoacha ukarani katika ofisi moja mjini Mombasa, ambayo sitaitaja kwa kuwa hata leo naidai mshahara wa nusu mwezi, mkubwa wangu Mwingereza aliniandikia barua ya sifa, na ndani yake akaieleza tabia yangu kwa neno moja, "impeccable", ambalo nililisoma mara tatu nisijue kama nimesifiwa au nimetukanwa.

Nikafunua kamusi. Kumbe asili yake ni Kilatini, peccare, yaani kutenda dhambi, na Waingereza walipolipokea katika karne ya 16 walikusudia mja asiyeweza kukosa hata akitaka. Kwa lugha yetu maasumu, daraja ambayo masheikh wetu hawamkalishi mtu ila awe mtume. (Wareno walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walikuwa na neno la ukoo huo huo, pecado, lakini wao walituachia leso na meza, na dhambi tukaitwaa kwa Waarabu.) Baadaye neno likashuka cheo, hata siku hizi Mwingereza hulivisha suti, adabu za mezani, na mtumishi aletaye chai kwa saa yake.

Nilipomfasiria mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa akinitafutia kiatu cha pili chini ya kitanda, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi inama, maasumu, kiko upande wako."

Kesho yake nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi hata ukosi ukanikwaruza shingo, nikachomeka mfukoni kalamu yangu ya wino, nikaenda kuomba kazi kwengine. Bwana aliyenihoji aliisoma barua polepole, akafika kwenye neno lile, akainua macho kunitazama. Nami, kwa kudhani kwamba anastaajabia kuoana kwa maneno na mwenyewe, nikatunisha kifua. Hapo ndipo nilipohisi rutuba upande wa moyo. Kalamu ilikuwa imetapika wino wake wote, na doa la samawati, ukubwa wa kisahani, lilikuwa likiteremka taratibu kuelekea mkanda. Nikatoa leso, ule urithi wa Wareno, nikasugua. Kisahani kikawa sahani.

"Barua hii," akaniuliza kwa upole, "imeandikwa lini?"

"Juzi, bwana."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta mtoto wa meza, akanipa karatasi ya kukaushia wino, kisha akaniambia nianze kazi Jumatatu, katika ghala la makaa.