Mpanda Ngazi Hushuka: Mwongozo wa Kumpandisha Mbwa Kitandani

Kila mwenye mbwa mdogo amewahi kuapa kwamba mnyama huyo hatakanyaga kitanda chake. Kiapo hudumu mpaka mvua ya kwanza ya masika, pale mbwa anaposimama mlangoni amelowa chapachapa, akikutazama kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Usiku huo analala miguuni. Wiki ikiisha, mto ni wake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mbwa umleavyo ndivyo alalavyo. Mwongozo huu haukusudii kukurudisha kwenye msimamo wako wa zamani, maana msimamo huo umeshalaliwa. Unakusudia mheshimiwa apande na kushuka bila kuumia.

Hatua ya 1: Mjue mpandaji

Dachshund, mbwa ambaye Wajerumani walimzalisha aingie mashimoni kumtoa mnyama mmoja wa ukoo wa nyegere, ameumbwa kama benchi: mgongo mrefu, miguu mifupi. Siku hizi shimo pekee analoingia ni shuka, lakini mgongo ni uleule. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vya kupokea mshtuko. Kwa mbwa wa aina hii visahani hivyo hukakamaa mapema, na kimoja kikichomoza na kubana neva, miguu ya nyuma inaweza kupooza. Takriban dachshund mmoja kati ya wanne hupatwa na tatizo hilo maishani. Corgi, Shih Tzu na Pekingese nao wamo kundini.

Wenye mbwa huhangaikia kupanda, kwa kuwa kupanda ndiko kunakopigiwa kelele. Wahenga walishasema: mpanda ngazi hushuka. Mbwa akiwa amesimama tu, kama asilimia 60 ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele. Akiruka kutoka kitandani alfajiri kwa sababu muuza maziwa amepita, miguu hiyo miwili ndiyo inayotangulia kuipokea marumaru.

Hatua ya 2: Pima kitanda, usipime mapenzi

Chukua futi. Fremu ya sentimita 35 ikibeba godoro la inchi 10, uso wa kitanda uko sentimita 60 kutoka sakafuni. Kwa rampu, yaani ubao wa kupandia kwa mteremko, zidisha kimo hicho kwa tatu: utapata ubao wa sentimita 180, wenye mwinamo wa nyuzi kama 20, ambao mbwa anautembea bila kuukwea. Ukibana matumizi ukanunua wa sentimita 120, mwinamo unafika nyuzi 30, na hapo umemjengea bembea ya kuteleza.

Sasa tazama hesabu hiyo vizuri. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina urefu wa sentimita 183. Rampu inayofaa, basi, ni ndefu karibu sawa na kitanda chenyewe. Katika chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 itabidi uchague kati ya rampu na kabati. Mwenye mapenzi ya kweli hutundika nguo msumarini.

Hatua ya 3: Ngazi au rampu?

Mbwa mzee, mwenye baridi yabisi, mwenye mgongo wa benchi au mkubwa mwenye nyonga mbovu apewe rampu. Mbwa mdogo mzima wa viungo anaweza kutumia ngazi, ilimradi kila kidato kisizidi kimo cha sentimita 15, na kina chake kiwe sentimita 30 au zaidi ili asimame, atafakari, ndipo aendelee. Kwa kitanda cha sentimita 60 hivyo ni vidato vitatu, na kitanda chenyewe ndicho cha nne. Mwenye miguu mifupi sana umshushie kimo kiwe sentimita 12, uongeze kidato. Mbele ya kila kidato pazibwe kwa ubao, mguu usije ukapenya.

Hatua ya 4: Nenda kwa fundi, lakini chunga ulimi

Pale Keko, Dar es Salaam, mafundi watakutengenezea chochote cha mbao. Ukimwambia fundi kazi ni ya mbwa, ataweka randa chini na kuwaita wenzake.

“Bosi, mbwa wako analala kitandani?”

“Ndiyo, fundi.”

“Basi nifuge na mimi.”

Baada ya hapo bei hupanda bila ngazi. Sema ni stendi ya maua. Sisitiza plaiwudi nene na skrubu badala ya misumari, maana msumari hulegea na kuchungulia. Kazi ikikamilika, ikandamize kwa goti kwa nguvu zako zote; ikiyumba, irudishe. Juu gundisha kapeti la kukwaruza, si khanga, ambayo huteleza pamoja na abiria. Chini pigilia vipande vya kandambili zilizochakaa ili mguu wa ngazi ushike marumaru.

Hatua ya 5: Siasa za chumba

Weka rampu upande ule chandarua kinakofungukia, na ukichomeke upya kila mheshimiwa anapopita. Rampu ikikaa katikati ya chandarua, inaacha uwazi usiku kucha, na mbu hawahitaji kapeti. Bandika utepe mweupe kwenye kingo pia. Umeme ukikatika mbwa ataona njia. Atakayejigonga kidole ni wewe.

Kama nyumbani kuna wanaoswali, utani uishie hapo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Katika nyumba hiyo rampu bora ni inayoishia kwenye kirago cha mbwa mwenyewe, uani. Ugomvi na mama mkwe hauna rampu.

Hatua ya 6: Mfunze, kabla hajakufunza

Laza ubao sakafuni uwe bapa, umpitishe juu yake kwa vipande vya maini ya kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Akizoea, inua upande mmoja kwa tofali, kisha mawili, mpaka ufike kitandani. Kushuka kufundishwe peke yake, taratibu, kwa maini yaleyale. Mkate kucha na upunguze manyoya ya nyayoni, la sivyo kapeti lote ni bure. Umpunguzie na ugali: hakuna fundi wa Keko anayeweza kuufidia mgongo unaobeba kilo za ziada.

Asiye na fedha ashushe kitanda. Ondoa fremu, laza godoro juu ya chaga ili lisipate ukungu, na safari ya sentimita 60 itabaki chini ya 30. Majirani watadhani umefilisika. Waache wadhani.

Ukimwona mbwa analia akiguswa mgongo, anayumba au anaburuta miguu ya nyuma, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za nyumbani. Dawa hizo humtoboa tumbo na kumharibu figo. Na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai kabla hujamtandikia shuka.

Akikataa ngazi, akakataa na rampu, akakaa chini akikusubiri, mbebe: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, mgongo umenyooka. Hapo mtakuwa mmeelewana nani mwenye nyumba.