Mtu Huhama, Kosa Halihami

Cheti cha kuzaliwa kina kwao kuliko hata mwenyewe. Wewe unaweza kutoka Tanga ukaenda Muscat, ukabadilisha kazi, chakula na hata lafudhi, lakini kosa aliloandika karani siku ile limekaa kitako ndani ya kitabu cha usajili, linakungoja. Halina haraka. Ukitaka lirekebishwe, ni wewe utakayelifuata liliko.

Somo hili nilipewa na Mfilipino mmoja. Tulifanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, yeye akinyoosha mashuka kwenye mashine, mimi nikikunja. Wenzake wadogo walimwita Kuya, yaani kaka, nasi Waswahili tukafuata hivyohivyo. Siku moja msimamizi, akiwa anapitia mafaili, alimuuliza kwa heshima zote anafikiria kustaafu lini. Kuya! Mtu asiye na hata unywele mmoja mweupe, na anayepanda ngazi kwa kuruka mbilimbili.

Usiku akakitoa cheti chake chini ya godoro, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tukakisoma kwa zamu. Jina la kwanza: Baby Boy. Hilo kwao si ajabu. Mama akiwa hajaamua jina, huandikwa hivyo kwanza, halafu watu wanasahau na mtoto anaota ndevu. Tarehe ya kuzaliwa: 9 Juni, wakati yeye husherehekea 6 Septemba. Mwaka: 1968 badala ya 1986. Sasa, mama yake alizaliwa 1966. Kwa mujibu wa karatasi ile, bibi yule alijifungua salama mtoto wa kiume akiwa na umri wa miaka miwili.

Bweni zima lilicheka mpaka jirani wa Kihindi akagonga ukuta. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasema kwetu mambo kama hayo hayapo. Kuya akanyoosha mkono: lete chako. Nikampa bila wasiwasi. Akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena, kisha akaniomba nisome mwenyewe kwa sauti. Nimezaliwa 17 Mei. Nimesajiliwa 2 Mei, mwaka uleule.

“Wewe ulifanyiwa buking,” alisema, “kama mgeni wa hoteli.”

Tukarudi kwenye cheti chake, maana changu angalau hakikuwa kinamstaafisha mtu. Na hapo ndipo nilipoanza kuwahusudu watunga sheria wa Ufilipino, halafu nikaacha. Zamani kwao hata herufi moja ya cheti haikuguswa bila amri ya mahakama. Mwaka 2001 ikaja Sheria Namba 9048: makosa ya uandishi na jina la kwanza yashughulikiwe na msajili, bila hakimu. Aliyehama mji anaruhusiwa kupeleka ombi kwa msajili wa huko aliko. Aliye nje ya nchi anakwenda kwenye ubalozi wao ulio karibu. Mwaka 2012 ikaongezwa siku na mwezi wa kuzaliwa, pamoja na jinsia iliyoandikwa kimakosa. Kwa hiyo Baby Boy angeweza kupata jina la kikristo palepale Muscat, na Septemba yake angerudishiwa palepale.

Mwaka, hapana. Mwaka ukibadilika, umri nao unabadilika, na umri ukiguswa vinatikisika urithi, ndoa na pensheni. Huo ni wa mahakama, na si mahakama yoyote: ni mahakama ya mkoa ule ambako kitabu cha usajili kinakaa. Kwa Kuya ni Iloilo. Karatasi ni moja, makosa yamekaa mstari juu ya mstari, lakini mawili yanamalizwa kwa kupanda teksi na la tatu lina bahari katikati.

Nikamuuliza kwa nini hakimu wa Manila, alikohamia utotoni, asimalize kazi. Akanieleza kama mtu aliyekwisha kumlipa wakili. Kitabu kiko Iloilo. Msajili atakayeamriwa kukifungua yuko Iloilo. Na kama kuna ndugu atakayenuna kwa Kuya kupunguziwa miaka, huyo naye yuko Iloilo. Ndiyo maana mahakama hutoa tangazo kwenye gazeti linalosomwa mkoani humo, mara moja kwa wiki, wiki tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nikaona mantiki yake, ingawa ilikuwa inaniudhi.

Kuya akasaini hati zake mbele ya ofisa wa ubalozi, akazituma, tukaendelea na mashuka. Kilichotusahaulisha raha ni simu ya video iliyoingia usiku mmoja. Mama mtu mzima, analia, ameshika karatasi yenye muhuri. Sheria inataka msajili na kila mwenye maslahi katika jambo hilo waunganishwe kwenye shauri, na nani mwenye maslahi katika kuzaliwa kwa Kuya kumshinda mama yake? Kaletewa wito wa mahakama mbele ya majirani, jina la mwanawe juu, lake chini.

“Nimekukosea nini?” alikuwa akiuliza, kwa tafsiri ya Kuya, ambaye jasho lilikuwa linamtoka na kiyoyozi kinafanya kazi. “Unanishtaki kwa kukuzaa?”

Ilibidi wakili aende nyumbani kwake kumtuliza. Siku ya kusikilizwa alivaa nguo ya kanisani, akawahi kuliko hakimu. Hakutokea mpinzani. Wakili akamtaka aieleze mahakama amejuaje kwamba mwombaji alizaliwa mwaka 1986 na si 1968.

Mama akamtazama wakili, akamtazama hakimu, akajibu: “Nilikuwepo.”