Tochi Isiyojua Kupiga Hodi

Wakwe zetu watarajiwa wametushikia taa ili tuhesabu pesa zao wenyewe. Sioni namna ya kulieleza jambo hili likawa jepesi, na tangu Jumamosi nimejaribu namna nyingi. Posa ya binti wa kaka yangu ilikuwa imefika pazuri, bahasha imefunguliwa, shangazi ameshalamba kidole tayari kwa noti ya kwanza, umeme ukakatika. Kaka akasema kwa sauti ya mtu mwenye akiba ndani, "Mdogo wangu, hebu lete ile tochi." Sebule nzima ilishasikia sifa za ile tochi; boksi lake linadai inamulika kilomita moja. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena kwa nguvu, maana sote huamini kwamba swichi inaogopa ukali. Mshenga, kijana mwenye adabu kupita kiasi, akawasha simu yake na kusema, "Poleni sana, wazee wangu." Upande wa pili mtu akakohoa kikohozi kisicho cha kifua.

Sasa naomba nieleweke. Tochi ile ililala kwenye chaji usiku kucha.

Asubuhi nikaanza uchunguzi. Kichwa cha chaji nikakichomeka kwa simu: simu ikajaa. Waya ni uleule uliojaza simu. Soketi ni ileile. Basi mbaya ni tochi. Nikafungua kitako chake nikitafuta kile kijiduara cha plastiki ambacho viwanda huweka ili betri isiguse springi ikiwa safarini, hakikuwepo. Springi nikaisugua kwa msasa. Tundu la chaji nikalichokonoa kwa kijiti cha meno, likatoa vumbi la mfukoni. Shemeji akashauri betri iwekwe friza, jirani akashauri ianikwe juani, na wote wawili walikuwa na hakika. Betri yenyewe ni ile ya 18650, jina ambalo kumbe ni vipimo tu: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ubavuni imeandikwa mAh 9900. Kwa umbo hilo hata watengenezaji hodari duniani hufika kwenye 3500 hivi, lakini wino hauna gharama.

Nikampelekea fundi simu wa mtaani, kijana wa umri wa wanangu. Akaniamkia, nikaitikia, akaichomoa betri na kuigusa kwa ncha za nyaya za mita yake. Volti 2.8. "Betri nzima, mzee. Ina njaa tu," akasema, ikijaa hufika 4.2. Akavuta droo, akatoa waya mweupe uliochakaa, umefungwa selotepu shingoni, wenye ile ncha ya zamani ya mstatili upande mmoja. Akachomeka. Taa nyekundu ikawaka papo hapo, bila aibu.

"Elfu mbili, mzee."

Nilikataa kuondoka mpaka anieleze, na maelezo yake yamenikosesha usingizi kuliko ile bahasha. Kichwa cha zamani, chenye tundu la mstatili, hutoa volti 5 muda wote. Mlango wake uko wazi, aje mgeni aje mwizi. Hiki kipya chenye tundu la Taipu-C, na waya wake wenye ncha mbili zinazofanana, hakitoi kitu mpaka kisikie hodi. Na hodi yenyewe ni rezista ya omu 5,100, kipande cha urefu wa milimita moja au mbili, kinachokaa ndani ya kifaa kati ya pini iitwayo CC na upande wa hasi. Kichwa kinapeleka umeme kiduchu kwenye pini hiyo na kupima. Kikiiona rezista, kinaitikia karibu, umeme unafunguliwa. Kisipoiona, kinanyamaza hata ukikiacha mpaka Idi.

Wala si maringo. Kwa waya wenye ncha mbili sawa unaweza kuunganisha pawabenki kwa pawabenki, na kila moja ina uwezo wa kutoa umeme. Lazima ijulikane kwanza nani mwenyeji na nani mgeni. Tena pini za CC ni mbili, kwa sababu ncha huingia vyovyote uigeuzavyo, na kila pini inataka rezista yake. Hapa hata waliosoma huteleza: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, ya Uingereza, ilipotoka 2019 iliziwekea pini zote mbili rezista moja ya ushirika, ikagoma kupokea umeme kupitia baadhi ya nyaya. Toleo lililofuata likarekebishwa.

Simu yangu hupiga hodi, tochi haipigi. Ndiyo maana kichwa ni kizima, waya ni mzima, betri ni nzima, na bado vikikutana hakuna kinachotokea.

Tochi yangu haina rezista hata moja. Na hapa kicheko kinanikauka. Utaratibu huu uliandikwa na kuchapishwa 2014, kila mwenye kiwanda anaweza kuusoma bure. Rezista mbili, zikinunuliwa kwa wingi, hazifiki thamani ya sarafu yoyote tunayoitumia Tanzania. Mtu amekaa mahali, amepiga hesabu, akaona azitoe. Ameweka zumu, ameweka king'ora, ameweka taa ya buluu inayometameta kama polisi bila kuombwa na mtu, akatoa kitu kimoja tu kinachoiwezesha kuchajiwa kwa kichwa chochote. Kwenye boksi akatia kiwaya kifupi cha ncha ya mstatili, kwa kuwa anajua fika kwamba bila waya wa aina hiyo haichajiki, na hakuandika popote. Tochi ya aina hii anainunua mlinzi wa usiku, anainunua mkunga, anainunua mama wa genge asiyetaka nyanya zake zihesabiwe gizani. Kiwaya kikipotea, wataambiwa wameiharibu wenyewe. Na mimi, mwenye duka alinitazama usoni akaniambia, "Utakuwa uliichaji vibaya, baba."

Na si tochi peke yake: Jumatatu raketi ya mbu nayo iliwaka taa nyekundu usiku kucha na betri ikabaki mfu, kwa kuwa taa ile inakula umeme wa ukutani na haina habari na betri. Jumanne mashine ya kunyolea ilizimika nusu ya kidevu.

Wewe unayekwenda kununua tochi wiki hii, beba kichwa chako kipya na waya wa ncha mbili sawa, uchomeke palepale dukani mbele ya muuzaji. Taa isipowaka, mwachie tochi yake, hata akikuonyesha king'ora. Na ule waya wa zamani usiutupe. Mtaani kwetu fundi ameshaupandisha hadi elfu tano.