Namna ya Kushindwa Safari ya Oregon kwa Heshima

Mwenzangu, sogea karibu. Ni Aprili 1850, uko Independence, Missouri, majani ya kulisha maksai yanaanza kuota, na mbele yako kuna takriban kilomita 3,200 hadi Oregon. Wengine watakufundisha kufika. Mimi nitakufundisha kushindwa mapema, watoto wako wote wakiwa hai.

1. Acha jiko. Najua unataka majirani waone kabati, kioo na jiko la chuma vikipakiwa. Usipakie. Gari likizidi tani moja, maksai watakonda na utavimwaga vyote njiani. Mwaka jana njia ya kwenda Fort Laramie ilijaa majiko na marundo ya bekoni. Ondoka mwepesi, utaokota vya wenye fahari.

2. Litumikishe gari. Ning'iniza ndoo ya maziwa yenye kifuniko asubuhi. Mitikisiko ya kutwa itayasukasuka, na jioni utakuta siagi. Kando ya mto Platte kuni ni adimu, kwa hiyo okota mavi makavu ya nyati. Siku ya kwanza utaona aibu, ya tatu utagombania. Mbao za magurudumu zikinywea kwa ukavu na pete za chuma kulegea, yalaze mtoni usiku kucha.

3. Dhoruba ikija, simama. Mbugani hakuna mti wa kujikinga. Upepo hung'oa mahema, mvua ya mawe huumiza watu na wanyama, na radi moja yatosha kuwatimua ng'ombe wote wa msafara. Funganisha magari kwa minyororo, watoto waingie ndani. Atakayekupita leo ili aonekane jasiri, mwache apite.

4. Njia ya mkato ikimbie. Hapa nakusihi. Lansford Hastings alichapisha kitabu mwaka 1845 akisifu njia ya kupita kusini mwa Great Salt Lake, ilhali wakati huo yeye mwenyewe hakuwa amewahi kupitisha gari huko. Mwaka uliofuata kundi la wahamiaji la Donner lilimwamini. Walilazimika kukata miti wakifungua njia katika milima ya Wasatch, wakapoteza mifugo kwenye jangwa la chumvi, na walipofika Sierra Nevada theluji ilikuwa imeshafunga mlima. Kati ya watu 87 karibu nusu walikufa, na baadhi ya walionusurika walikula maiti za wenzao. Kwa hiyo anayekuuzia mkato mpe kahawa, mshukuru, kisha ufuate alama za magurudumu ya waliotangulia. Mvivu wa kweli hachongi barabara.

5. Geuza gari ukiwa bado na unga. Kipimo ni Independence Rock: wenye mwendo mzuri huwa wameufikia mwamba huo karibu na tarehe 4 Julai. Tarehe hiyo ikikukuta mbali nao, au kipindupindu kimeingia msafarani, rudi. Heshima yako isikutie wasiwasi, wenzako wameshakutafutia maneno: sema umemwona tembo, yaani umezionja taabu za njia zikakutosha. Kila mtu njiani anaelewa, na hakuna atakayeuliza alikuwa mkubwa kiasi gani. Unga uliobaki wauzie wanaoelekea magharibi. Usiwalangue, maana wana safari ndefu, na wewe unarudi nyumbani na maksai wenye nguvu za kulima.