Kwa Waheshimiwa Waziba Tundu

Kwenu nyote mnaotengeneza mashine za gemu, na hasa yule aliyekabidhiwa kazi ya kuamua tundu lipi lizibwe safari hii,

Salamu nyingi kutoka Tabata. Sisi hatujambo, ila kidole gumba changu kinauma kwa sababu ya pedi ambayo humfanya mchezaji wangu aende kushoto hata nikiwa nimeiweka mezani nakunywa chai. Hilo tuliache kwanza.

Nimesikia mashine mpya iko njiani. Tetesi ni tamu: itakimbia ajabu, maji yatang'aa, unyoya wa ndege utahesabika mmoja mmoja. Hongereni sana. Mimi nina swali moja la kishamba, mnivumilie: CD nitaichomeka wapi?

Nauliza kwa sababu naona mnakoelekea. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, haina pa kuweka CD. Ukitaka, unanunua kando, na kile kisimamio cha kuisimamishia nacho unanunua kando. Nikadhani ujanja umefika mwisho, kumbe Nintendo nao wana wao. Switch 2 ilipoingia sokoni Juni 2025, baadhi ya gemu zake zilikuja na kadi ambayo ndani hamna gemu. Unalipa, unachomeka, kadi inakutuma intaneti ukashushe mwenyewe. Yaani umeenda buchani, umelipa kilo yako, muuza nyama amekufungia karatasi lenye maelekezo ya njia ya machungani.

Wenye kumbukumbu watasema tulishapigana vita hivi mwaka 2013. Kweli. Microsoft walitangaza kwamba Xbox One itataka kupiga hodi kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, na CD ya mkononi itakuwa na masharti yake. Watu wakawaka. Sony wakatoa video ya sekunde chache ya kufundisha namna ya kumpa mwenzako gemu ya PS4: jamaa anamkabidhi jamaa kasha, jamaa anashukuru, basi. Tulicheka mpaka tukakohoa. Juni haikuisha kabla Microsoft hawajarudi nyuma. Nikajua tumeshinda, kumbe mlikuwa mnatusubiri tuzeeke.

Ngojeni niwaeleze CD inavyoishi huku. Ile yangu ya mpira niliinunua Kariakoo, imeshatumika, ina mchubuko kama mwezi mwandamo. Nikaicheza nikaichoka, nikabadilishana na fundi simu, akanipa ya magari na elfu tano juu. Yeye akampa shemeji yake mwenye banda la gemu, pale ambapo watoto wanalipa kwa mechi na aliyefungwa anampisha mwenzake. Wiki iliyopita nimepita, nimeikuta inazunguka, mchubuko uleule. Kwenye vitabu vyenu nadhani hao ni wateja wawili waliopotea. Huku fundi alipata gemu, shemeji akapata mtaji, na mimi nikapata elfu tano.

Mtaniambia nishushe tu, dunia imebadilika. Haya, tupige hesabu. Gemu kubwa siku hizi inafika GB 100 bila haya. Kwa kasi ya MB 1 kwa sekunde, na hapo mtandao umeamka vizuri, ni karibu saa 28 mfululizo. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, mniletee mtu.

Ndiyo, mtu. Mfanyakazi wenu kabisa, mwenye kitambulisho shingoni, kazi yake iwe kukaa na gemu inaposhuka. Afike Ijumaa jioni apumzike kidogo, maana bando la usiku linaanza saa sita. Nitampa nafasi dirishani, kati ya pazia na ndoo ya maji, ndipo simu inaposhika vistari vitatu. Akisogea hatua moja kufuata feni vinabaki viwili, kwa hiyo asisogee. Simu ataishika yeye, mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba kutoka nje. Chakula ni juu yangu: Jumamosi tunakula wali maharage, na mama atamuuliza ni mtoto wa nani, ameoa, na imekuwaje mtu mzima atumwe kushika simu ya watu. Ajibu kwa adabu, na shikamoo asisahau. Bando likiisha alfajiri, ataongeza yeye. Luku ikianza kulia, tokeni ataingiza yeye, tarakimu 20, asikosee hata moja. Na ikifika asilimia 87 umeme ukatike (utakatika, msiwe na wasiwasi), asije kuniamsha. Aende sebuleni kwa mpwa wangu wa miaka tisa, aliyelala na pedi kifuani, amjibu lile swali ambalo mimi nimelijibu hadi nimeishiwa uongo: "Anko, bado tu?"

Natania, lakini yule mtoto siku ile hakutania. Alikusanya hela za Idi mbili ndani ya kopo la maziwa. Tukaenda dukani pamoja, akahesabu noti mwenyewe, akabeba kasha juu ya mapaja njia nzima kwenye daladala, hataki hata nimshikie. Kufika, CD ikaingia, ikanguruma kidogo, kisha yakatokea maandishi: bado GB 90. Akaitoa, akaipangusa kwa fulana, akairudisha. Akaipangusa tena. Alidhani ni uchafu! Mtoto wa miaka tisa anajilaumu kwa uchafu ambao haupo, na nyie mnajua, mlijua siku mnaifunga kwenye karatasi la plastiki. Mlimwekea CD ya nini? Ajitazamie? Hamkuona vibaya hata kidogo, mkaandika bei ileile, mkalala usingizi?

Samahani, waheshimiwa. Nimepandisha sauti, na barua hii ilianza vizuri.

Mengine ni madogo. Nje ya boksi andikeni GB ninazoruhusiwa kuzitumia; PS5 ya kwanza ilinadiwa GB 825, za kutumia zikawa 667. Pedi mnaijua tayari. Na siku mkiamua kuzima gemu niliyoilipia, kama Ubisoft walivyozima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, naomba mnijulishe mapema nikae matanga na wenzangu, au mnipe hela yangu, lolote litakalowawia rahisi. Najua ni lipi.

Tundu lenyewe siwaambii mlirudishe bure. Liwekeni, mlitoze, mliite jina la kizungu la kutisha. Nitalipa. Shemeji wa fundi simu naye atalipa, kwa sababu banda lake bila tundu hilo ni chumba chenye televisheni na mabenchi.

Majibu msiyatume kwenye akaunti yangu. Ile ni ya mkazi wa Florida, nilimbuni mwenyewe baada ya kuitafuta Tanzania kwenye orodha ya nchi na kuikosa, na neno lake la siri nimelisahau. Mpeni afisa aje nayo mkononi. Ashuke Tabata Bima, aulize geti la bluu lenye banda la chipsi mbele yake. Stuli ninayo moja na ni ya mama, kwa hiyo aje na yake.

Wenu mtiifu, bado asilimia 87.